Nani Alifukie Kaburi la Kajetani?

Sogeeni, ila msinikalie miguu. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu, na wa nne aliyekuwa kifungoni, na ugomvi mmoja ambao mimi umenishinda. Kila nikiusimulia watu huondoka wamenuniana. Basi leo nunianeni nyie, mimi nimechoka.

Hao watatu kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Winfrida, mke wa mfungwa, kipaji chake kilikuwa kusimama. Msicheke. Kuna wanaojua kuimba, kuna wanaojua kupika, na Winfrida alijua kusimama mahali asiondoke. Tangu usichana wake, duka la ushirika likitangaza sukari, mama yake alikuwa anamtuma yeye. Foleni itavunjika, watu watapigana vikumbo, wengine watakata tamaa warudi makwao, na Winfrida utamkuta palepale na kikapu chake mpaka apimiwe.

Shadya Mcha, mtoto wa Pemba, mhadhiri wa chuo kikuu, kipaji chake kilikuwa ndimi na kalamu. Lugha za watu alizisema bila kujikwaa. Aliweza kumwandikia mwanachuoni asiyemjua, wa nchi asiyowahi kufika, na yule mtu akasoma mpaka mwisho akajiona amepata ndugu.

Lukelo Kihwele, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kipaji chake kilikuwa mdomo. Mdomo ule haukuwa na komeo. Lukelo ni Mhehe aliyeoa na kuzeekea Songea, katikati ya Wangoni, na Wahehe na Wangoni ni watani: mababu zao walipigana hadi wakachoka, halafu wakaona heri wawe wanatukanana tu. Mtani hakasirikiwi. Akija msibani ana ruhusa ya kumwiga marehemu anavyotembea, kumcheka, hata kulizuia jeneza njiani mpaka aridhishwe kwa kuku au chochote, na mfiwa hana la kufanya ila kumvumilia.

Na wa nne ni Dokta Kajetani Mbawala mwenyewe, Mgoni, mume wa Winfrida, mwalimu wa Shadya zamani, mtani wa Lukelo. Elimu yake ilikuwa ya maji yaliyo chini ya ardhi. Alialikwa nchi moja ya mbali, kavu kweli kweli, akawafundishe kutafuta visima. Akatembea, akapima, akachora ramani ya visima kama alivyozoea. Kumbe kisima kimoja kilikuwa ubavuni mwa kambi ya jeshi. Wakamkamata uwanja wa ndege, ramani mkononi, wakasema huyu jasusi. Kesi ikasikilizwa milango imefungwa, na hukumu akasomewa kwa lugha asiyoielewa. Kifungo kilikuwa cha miaka mingi sana.

Basi Winfrida akasimama.

Kila Jumatano, siku ambayo ubalozi wa nchi ile pale Dar es Salaam ulifungua geti kwa wenye shida, alikwenda akasimama ng'ambo ya barabara na picha ya mumewe kifuani. Mlinzi akamwambia njoo wiki ijayo. Akaja wiki ijayo. Polisi wakamwondoa, akarudi. Waliokuja kuomba viza wakawa wanageuza nyuso, wasije wakaonekana wanamjua. Mvua yake, jua lake. Miguu ikavimba mpaka viatu vyake vikamkataa, akaanza kuvaa vya Kajetani. Balozi mmoja akamaliza muda wake akaenda zake, akaja mwingine, naye akamkuta Winfrida. Waandishi wa habari wakamzoea, wakawa wakikosa habari wanamfuata. Ndivyo jina la Kajetani lilivyokataa kufutika.

Na Shadya akaandika.

Aliwaandikia wanachuoni wa maji dunia nzima, mmoja mmoja, kila mtu kwa lugha yake, na kila mtu kwa habari zake: wewe uliyesoma naye, wewe uliyekula kwake, wewe uliyetumia vipimo vyake katika kitabu chako. Akadharauliwa, akajibiwa kwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani, akaandika tena. Wakubwa zake chuoni wakamnyima cheo wakisema anatumia muda wa kazi kwa mambo ya watu. Macho yakamharibika. Siku moja akapata habari za ndani ya gereza, jinsi wafungwa wanavyolala kwa zamu kwa kukosa nafasi, akataka kuzitoa gazetini. Winfrida alimsihi asifanye hivyo.

"Watamshushia yeye hasira yao, Shadya."

"Dada, na tukinyamaza?"

Akazitoa. Na kweli, haukupita muda Kajetani akahamishiwa gereza la jangwani, na barua zake zikakatika. Winfrida na Shadya hawakusemeshana kwa muda mrefu. Lakini kuanzia hapo wale wanachuoni waliokuwa wanajibu kwa adabu tu wakaanza kujibu kwa hasira, na hasira ndiyo aliyokuwa anaitafuta Shadya.

Barua hazikuja tena. Halafu ikaja habari mbaya. Mtu mmoja aliyetoka gereza lile alimwambia mtu, naye akamwambia mtu, kwamba yule Mwafrika aliyekuwa akichora visima mchangani amekufa kwa homa. Winfrida alipokwenda Jumatano ile, geti likafunguliwa kabla hajafika ng'ambo. Akakaribishwa ndani! Akapewa kiti, akapewa maji baridi. Ofisa mmoja wa ubalozi akamwambia kwa sauti ya upole kwamba na wao wamesikia hivyohivyo, poleni sana, na familia ikishamaliza mazishi ilete uthibitisho, wafunge faili.

Nawaambia ukweli, mtu aliyesimama miaka mingi hivyo, ukimpa kiti, umemmaliza. Winfrida alikaa kwenye kile kiti akashindwa kuinuka.

Sasa ukoo wao, wa kina Mbawala wa kule nje ya Songea, sisemi Wangoni wote, ulikuwa na desturi. Mtu wao akifia asikojulikana, mwili usionekane, walizika kigogo cha mgomba mahali pake, kimevikwa sanda, ili marehemu apumzike na waliobaki wapumzike. Baba mdogo Otmari, msemaji wa ukoo, akampigia Winfrida simu.

"Mkwe wetu, umehangaika vya kutosha. Tumzike mtoto wetu."

Winfrida akasema ndiyo. Aliposema hivyo alisikia nafuu, nafuu tamu kama ya mtu anayevua mzigo kichwani, na nafuu ile ndiyo iliyokuja kumtia aibu baadaye kuliko kitu kingine chochote. Shadya alipopata habari alimpigia akilia.

"Dada, hatuna ushahidi! Hatuna hata karatasi!"

"Mimi nina miguu, Shadya. Njoo uivae wewe, usimame."

Wakaenda Songea. Mgomba ukakatwa, ukavikwa sanda, ukawekwa sebuleni, na wanawake wakakaa chini kuulilia. Kaburi likachimbwa. Ofisa wa ubalozi naye akaja, ndani ya gari jeupe, na shada la maua ya plastiki, na mkalimani, na mpiga picha wa kuchukua ule uthibitisho. Watu wakanong'onezana kwamba ubalozi una utu, jamani.

Ndipo Lukelo akatokea, ananuka ulanzi, ile pombe ya mianzi, kofia imekaa upande. Wakati kigogo kinaletwa kaburini, Lukelo akawapita waombolezaji, akarukia ndani ya shimo, akalala chali, akafumba mikono kifuani.

"Hapa pamejaa!" akapaza sauti. "Tafuteni pengine!"

Watu wakaangua kicheko, ndiyo kazi ya mtani. Baba mdogo Otmari akainama ukingoni.

"Haya, umekwisha tania. Toka uchukue kuku wako."

"Sitaki kuku, nataka maiti! Hawa watumwa wetu wamezidi sasa. Mgoni mzima, aliyekuwa anajisifia mashujaa usiku na mchana, anazikwa kama mkungu wa ndizi! Huyu Kajetani amenitukana tangu tukiwa vijana. Nimejiwekea akiba ya matusi yangu nimtukane siku ya kumzika. Sasa nimtukane nani? Huu mgomba umenikosea nini mimi?"

"Lukelo, tuna mgeni."

"Nimemwona." Akaketi mle shimoni, akamtazama yule ofisa kutoka chini. "Mgeni, karibu. Umekuja na maua, asante. Mwili uko wapi?"

Ofisa akamgeukia mkalimani wake, na mkalimani akatazama pembeni. Shadya akatafsiri yeye, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Mwili uko wapi?" Lukelo akarudia. "Kama alifia kwenu, basi mnao. Tuleteeni. Kama hamnao, nyie mmejuaje amekufa?"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akauliza, mwili uko wapi. Mwingine naye akauliza. Ofisa akaingia garini na mpiga picha wake. Lukelo hakutoka shimoni mpaka vumbi la gari lile lilipotua. Winfrida, pale mkekani pa wafiwa, alicheka, kicheko cha kwanza tangu mumewe akamatwe, kisha kikageuka kilio, maana swali lile jepesi, la mtu wa kawaida kabisa, yeye hakuliuliza alipopewa kiti.

Walipomsifu Lukelo kwa akili yake, alishangaa.

"Akili gani? Mimi nilikuwa natania. Halafu ulanzi wa siku ile ulikuwa mzuri."

Lakini vijana walikuwa na simu zao, na mtu aliyelala kaburini akidai maiti yake akatembea dunia nzima. Nchi ile ilikuwa inajiandaa kuwakaribisha wanachuoni wa maji kwa mkutano mkubwa, mabango yamekwisha bandikwa, hoteli zimepakwa rangi. Shadya akaandika tena kwa wale rafiki zake wa hasira, safari hii swali moja tu, kwa kila lugha: mwili uko wapi? Wakaujibu mwaliko wa mkutano kwa maneno hayohayo. Hatuji mpaka tuonyeshwe maiti au mtu. Na Winfrida akavaa vile viatu vya mumewe, akarudi ng'ambo ya lile geti, na kila gari lililoingia ubalozini akaliuliza. Wakubwa wa nchi ile hawakuwa na maiti ya kutoa. Ikawabidi watoe mtu.

Kwa hiyo, mnaona wenyewe. Bila Winfrida, jina lingekuwa limesahaulika na hakuna ambaye angejali nani kazikwa Songea. Bila Shadya, swali lingebaki kichekesho cha kijijini, na nchi ile isingeumia popote. Bila Lukelo, faili lingefungwa na Kajetani angekufia jangwani kweli, kimyakimya, kwa kuwa tayari alikuwa amezikwa kwao.

Kajetani akarudi, mwembamba, anakohoa. Mkewe aligundua jambo siku ya kwanza ile ile: mumewe akifika mlangoni husimama. Hashiki kitasa. Husimama akingoja afunguliwe, kwa vile miaka yote ile milango ilifunguliwa na wengine. Winfrida akawa anamfungulia, wa chumbani, wa chooni, wa uani, wala hakumwambia kitu. Daktari alisema mapafu yamechoka sana, nguvu aliyobaki nayo ni kidogo, aitumie kwa jambo moja tu, asitangetange.

Wakampeleka Songea kuonana na ukoo. Shangwe zilipopungua, baba mdogo Otmari, mtu mwenye haraka ya kurudi kwenye mahindi yake, akawapeleka wote nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa palepale, limefunikwa nusu kwa mabati.

"Kaburi lililochimbwa haliwezi kubaki wazi," akasema. "Na kwetu sisi, likichimbiwa mtu naye akarudi mzima, hulifukia yule aliyemtoa humo. Mkono mmoja tu, hatuchangii. Kuanzia hapo, huyo ni kama amemzaa. Neno lake juu ya Kajetani ni la kwanza, kabla ya langu, kabla ya la mke. Akisema kaa, atakaa. Akisema nenda, atakwenda. Haya, ni nani?"

Akaliinua koleo. Kulikuwa na mawingu ya mvua, na kingo za shimo zilikwisha anza kumeguka.

Winfrida akasema wa kwanza. "Ni mimi, baba mdogo. Mimi nilisimama. Nikipewa neno, nitasema basi. Mikutano basi, waandishi basi. Atalala, atakula, atakaa na mimi uani. Amekwisha chukuliwa na watu vya kutosha."

Shadya akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Dada, nisamehe. Wenzake bado wamo mle ndani, wanalala kwa zamu. Hakuna aliyewaona kwa macho ambaye dunia itamsikiliza ila yeye, na aliwaahidi atawasemea. Nikipewa neno nitamwomba aseme. Pumzi aliyobaki nayo atumie hiyo."

"Hiyo pumzi unaijua ilivyo kidogo?"

"Naijua, dada. Na wao pia yao ni kidogo."

Lukelo alikuwa amekaa juu ya tofali. "Mimi nikipewa neno," akasema, "nitamfungulia. Nitasema Kajetani huna deni la shukrani kwa yeyote hapa. Usimlipe mkeo kwa kukaa, usimlipe mwanafunzi wako kwa kusema. Ukitaka kuondoka uende usikojulikana ukakae peke yako, ondoka, wala usiage."

Miaka ile yote Winfrida aliogopa wasimrudishe. Kwamba atarudi halafu aondoke kwa hiari yake, hilo hakuwahi kuliwaza hata mara moja, na sasa alipomtazama mumewe, na jinsi alivyosimama kando ya watu, hakuweza kuapa kwamba asingeondoka.

Hapo ndipo maneno yakaharibika. Shadya, kwa uchungu, akasema kwamba Winfrida ndiye aliyekubali kaburi lichimbwe. Winfrida akasema na Shadya ndiye aliyempeleka jangwani kwa gazeti lake, na kile kikohozi ni cha jangwani. Wote wawili wakamgeukia Lukelo, kwamba yeye alikuwa amelewa, hakukusudia kumwokoa mtu, hata kuku angemtosha siku nyingine.

"Ni kweli," akasema Lukelo. "Yote mliyosema ni kweli. Mimi sikukusudia, na nikamtoa. Nyie mmekusudia miaka yote. Sasa pimeni wenyewe."

Baba mdogo Otmari akachoka. "Kajetani, mwanangu, waamulie hawa. Mvua hiyo."

Kajetani alisogea hadi ukingoni, akatazama chini, mahali alipokuwa azikwe yeye akiwa mgomba. Akakohoa, wakamngoja amalize.

"Msinipe hilo," akasema. "Nikimtaja mmoja, nimewakana wawili. Nimetoka kwa watu waliokuwa wananilazimisha nitaje majina, nao hawakuyapata. Mtakayempa koleo nitamtii. Sitanung'unika."

Akarudi akasimama mbele ya mlango wa nyuma wa nyumba, akingoja.

Tone la kwanza likaanguka juu ya mabati. Winfrida akatazama koleo, akatazama mlango. Akienda kufungua mlango, koleo litachukuliwa na mwingine. Akishika koleo, mumewe ataendelea kusimama pale mvuani, amempa mgongo.

Ndiyo yenyewe hiyo, yangu imeishia hapo. Wewe uliyetikisa kichwa tangu mwanzo, usijifanye umekwisha jua, na wewe dada usijibu kwa kuwa nawe ni mke wa mtu. Aliyesimama anamtaka apumzike. Aliyeandika anamtaka aseme kwa ajili ya waliobaki. Aliyetania anataka kumwachia aende zake. Wote watatu walimtoa, na wote watatu walimkosea. Baba mdogo Otmari ameshikilia koleo, shimo linameguka, na yule mtu bado amesimama mlangoni. Ungekuwa wewe ndiye mwenye ukoo, ungempa nani?